Shule imefuta likizo ya Iddi kisa corona, halafu watoto hao hao inawapeleka maonesho ya Nane Nane Nyakabindi kwa 25,000

Wakuu habari za jioni. Najua leo Jumatano tarehe 29 Julai 2020 wengi mko kwenye tv mnaangalia rais mstaafu Mzee Mkapa anavyozikwa kule Lupaso, hata mimi nilikuwa naangalia, ila nimeshindwa kutulia, nina hasira mpaka mikono inatetemeka kwahiyo nikiandika hovyo mtanivumilia. Mods naomba msiniunganishe kwenye ule uzi wa ada, hapa ada nitaigusa kwa mbali tu.

Iko hivi. Mwanangu yuko darasa la tano, bweni, shule ya inglishi midiamu hapa Mwanza nje kidogo ya mji, jina silitaji maana mtoto bado yuko mikononi mwao. Tarehe 29 Juni serikali ilivyofungua shule tukawapeleka, tukakalishwa kikao uwanjani viti mbalimbali kama watu waliogombana, mwalimu mkuu akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba likizo fupi ipo, watoto wanatoka Alhamisi tarehe 30 Julai, wanakula Iddi ya kuchinja nyumbani, wanapitisha na Nane Nane sikukuu ya wakulima, Jumatatu tarehe 10 Agosti asubuhi wawe geti. Mi nikaandika nyuma ya risiti ya ndoo, maana siku hiyo kila mzazi alitakiwa aje na ndoo ya maji tiririka yenye bomba, hiyo risiti ninayo hadi sasa hivi navyoongea.

Jana usiku saa nne kasoro, meseji. Eti ndugu mzazi, kutokana na janga la corona na kwa usalama wa watoto wetu uongozi umeamua wanafunzi wote wa bweni hawatatoka, mzazi utatuma 60,000 ya chakula na masomo ya ziada kabla ya Ijumaa, pamoja na barakoa 3 za kitambaa na sabuni ya mche. Siku ya kutembelea watoto nayo imefutwa. Asante kwa ushirikiano. Ushirikiano gani nilioutoa mimi saa nne ya usiku nimelala??

Nikakimbilia grupu la wazazi WhatsApp niulize wenzangu, nakuta wamelifunga, admini peke yake ndo anaandika, na admini ni mhasibu wa shule. Kumbe walijipanga.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini inaniuma hivi, maana kuna mtu atasema siku kumi tu mama vumilia. Mi nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Wanaoijua hii kazi wanajua dagaa wanavuliwa giza, mwezi ukishaanza kuwaka usiku ule mwanga wa taa za wavuvi dagaa hawauoni tena, mitumbwi inapumzika, na sisi wa sokoni tunapumzika nao. Iddi hii inaangukia mwezi unaelekea kujaa, yaani ndo siku zangu mimi za kuwa nyumbani, nimezihesabu tangu siku ile ya kikao. Giza likirudi natoka nyumbani saa kumi alfajiri narudi nanuka mpaka paka wa jirani wananisindikiza, hapo hata mtoto akiwepo namuonea wapi? Bibi yake yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, ameshafunga mbuzi, kila siku ananipigia anauliza mnakuja na meli ya asubuhi au ya mchana, tiketi nimekata, na kiatu cha Iddi nimenunua kwa kukadiria mguu kwa sababu simuoni nimpime.

Na msifikiri mi ni wale wanaosema corona haipo. Shule zilivyofungwa Machi 17 nilimfungia mtoto ndani, nyungu tumejifukiza, malimau na tangawizi tumekunywa mpaka tumbo likalalamika, mwezi wa nne na wa tano wateja wa Kongo wamenipotea gunia zimekaa mpaka zikaanza kubadilika harufu. Sijalalamika humu hata siku moja. Tangu Machi 17 mpaka Juni 29 nimehesabu ni siku 104 mtoto alikuwa kwangu, analala kwangu, anacheza uani kwangu, na kikohozi hakupata. Mlimrudisha nyumbani kwa sababu nyumbani ndo salama, si ndivyo mlivyosema? Leo imekuwaje nyumbani kwangu ndo kwenye ugonjwa?

Na humo ndani ya shule mnajilindaje. Hiyo shule ina watoto wa kutwa, wanakaa darasa moja na wa bweni, dawati moja, jioni wanapanda hiace wanarudi Mabatini na Buhongwa kwao, asubuhi wanakuja tena. Walimu wanarudi kwao. Mpishi anarudi kwake, na namfahamu, Jumapili nilimkuta Mwaloni ananunua sado mbili kasongamana na watu barakoa iko kidevuni. Mlinzi anabadilishana zamu. Wote hao wanatoka na kuingia na corona haiwaoni, inamsubiri mwanangu apande meli ya Nansio.

Asubuhi hii nimempigia mwalimu mkuu. Nimemuamkia vizuri tu, shikamoo mwalimu, marahaba mama. Nikamuuliza mbona tulikubaliana tarehe 30. Akasema mama hali imebadilika. Imebadilika nini mwalimu? Mama, nyie mkiwapeleka watoto huko visiwani na mikusanyiko ya sikukuu watatuletea maambukizi bwenini, sisi tunawalinda. Nikamwambia sawa, basi niruhusu nije nimuone hata dakika tano getini nimpe kiatu chake. Akasema utaratibu haujaruhusu. Nikanyamaza, nikasema labda kweli mimi ndo sina akili.

Haijapita hata saa moja, mhasibu katupia tangazo kwenye grupu. Ziara ya Nane Nane! Wanafunzi wa darasa la nne mpaka la sita watapelekwa Simiyu kwenye maonesho ya kitaifa viwanja vya Nyakabindi, mchango 25,000 nauli na chakula, asiyelipiwa atabaki bwenini na matroni. Wakuu Nyakabindi mnaijua siku za Nane Nane? Watu nchi nzima wako pale, mnasukumana kwenye mabanda, mnaonja asali kijiko kimoja. Na basi lenyewe la shule tunalijua, siti ya watoto wawili wanakaa wanne, mnapita Magu, Lamadi, mnakata kwenda Bariadi, madirisha mengine hayafunguki.

Nikapiga simu tena. Mwalimu, Nansio kuna corona, Nyakabindi hakuna? Kimya. Halafu akaniambia, "Mama, ile ni ziara ya kielimu."

Ya kielimu! Kwahiyo corona ikiona basi la shule inapisha kwa sababu imesoma??

Jumlisheni wenyewe, 60,000 mara watoto wa bweni wote, na 25,000 mara wa darasa la nne mpaka la sita. Na hapa ndo nilisema nitaigusa ada, muhula ule tulilipa mzima Januari, watoto wakasoma mpaka katikati ya Machi wakarudi, chakula cha siku 104 ambacho hawakula shuleni hakuna aliyetuambia kimeenda wapi. Tuliuliza kwenye kikao tukaambiwa "tutaliangalia". Darasa la saba ningewaelewa, wana mtihani wao Oktoba, wakae kambi, na hata wao wazazi waitwe waulizwe. La tano anakaa kambi ya nini?

APDETI: naona mnaosema nimtoe nimpeleke shule ya serikali. Nitaamua mwisho wa mwaka, sio ndo swali langu. Na wewe uliyesema mama mjini unamdekeza mtoto, sawa.

APDETI 2: Wazazi wawili wameniandikia pm watoto wao wako hapo hapo, mmoja alikuwa anadhani ni yeye tu ndo amekasirika. Mwingine keshalipa zote mbili, 85,000, aliogopa mtoto asionekane hajalipiwa mbele ya wenzake. Kesho Alhamisi tarehe 30, ile waliyoitaja wenyewe, saa mbili asubuhi tunaenda getini. Risiti yangu ya ndoo nabeba, kiatu nabeba. Mwenye mtoto hapo anajijua, aje na barakoa asije akawapa sababu. Meli ya mchana tiketi zangu ni mbili na sirudishi hata moja.