Mistari ya rangi kwenye bawa haikutani, nakosea wapi?

Mjenzi wa Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Ninaunda ndege ya modeli ya rimoti, mabawa ya balsa (ule mti mwepesi), ncha hadi ncha sentimita 120. Upana ni sentimita 22 pale bawa linapoungana na kiwiliwili na 15 kwenye ncha. Nimeshalivisha ile plastiki nyeupe ya kubandika kwa pasi. Sasa nataka mistari mitatu ya stika, kijani, njano na bluu, sentimita 2 kila mmoja, ipite mshazari kama ukanda wa rangi ubavuni mwa daladala.

Nilichora bawa la kulia kwenye Inkscape, programu ya kuchorea ya kompyuta, nikaprinti steshenari kwenye A4 tatu, nikaziunga kwa selotepu. Kiolezo hakikufika kwenye ncha, kimepungua zaidi ya sentimita 2, na kwa upana hakigusi ukingo wa nyuma. Nikabandika hivyohivyo, mistari ikapishana katikati. Nilipobandua ile ya kijani ikang'oka na plastiki. Imeniuma sana, bawa hilo nimelipiga msasa wiki nzima.

Fundi Stika, Kariakoo:
Pole sana mkuu. Hapo umepunjwa na printa. Steshenari nyingi mashine imeachwa ipunguze mchoro ili uenee kwenye karatasi. Chora mraba wa sentimita 10 pembeni ya kiolezo, uprinti, upime kwa rula. Ukikuta 9.6, basi nusu bawa lako la sentimita 60 limekuwa 57.6. Peleka PDF na usimame hapohapo mpaka uone wameweka asilimia 100. Weka na alama za msalaba kwenye maungio ya karatasi, jicho peke yake halitoshi.

Kubandika: maji na matone machache ya sabuni, nyunyiza kwenye bawa, laza stika, isogeze mpaka ikae, ndipo usukume maji kwa kadi kuanzia katikati. Ingekuwa na maji, ile ya kijani ungeisogeza tu bila kubandua. Anza na njano, bluu iipande milimita 3. Ukiipandisha njano juu ya bluu, giza litaonekana kwa chini.

Mzee wa Kigamboni:
Fundi kasema kweli, ila upana una sababu nyingine. Bawa limebinuka mgongoni, mchoro ni bapa. Chukua ukanda wa karatasi, ulaze juu ya bawa toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, uweke alama, kisha uunyooshe na kuupima. Fanya hivyo shinani, pale bawa linapoungana na kiwiliwili, na kwenye ncha, na vipimo hivyo ndivyo uchore.

Bawa la kushoto usilichore upya. Nakili la kulia, bonyeza H kwenye Inkscape, linageuka kama kwenye kioo. Na kwa chini, ukilipindua bawa la kushoto, umbo lake ni lilelile la kulia kwa juu, kwa hiyo kiolezo hakigeuzwi. Hapo wengi huchanganyikiwa. Ukiweka herufi za usajili za 5H kama ndege halisi za Tanzania, zihamishe tu, usizigeuze, zitasomeka kinyume.

Mwanangu, mistari ya sentimita 2 ikiwa angani huioni. Nimerusha ufukweni huku, jua likiwa nyuma ya ndege kila kitu ni kivuli. Fanya 5, na chini weka mchoro tofauti kabisa na wa juu, ili ndege ikilala ubavu ujue tumbo ni lipi.

Mjenzi wa Mbagala:
Shikamoo mzee, ahsanteni wote. Mraba umetoka 9.6 kamili! Ukanda wa karatasi shinani umesoma 22.7. Nimechora upya, mistari ya 5, chini miraba ya bluu. Plastiki iliyong'oka nimeiwekea kiraka. Kesho asubuhi naprinti, safari hii na rula mfukoni.

Mzee wa Kigamboni:
Marahaba. Kiraka hicho kiangukie chini ya mstari wa bluu.