Tupeane uzoefu: tumbaku imekufikiaje wewe usiyevuta?

Mwanzisha mada
Habari za jioni wakuu. Sijawahi kuweka sigara mdomoni, ila nimelelewa ndani ya moshi wake. Mzee alikuwa akivuta sebuleni usiku, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Mdogo wetu wa mwisho kifua kilikuwa kinambana kila mara. Mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa akitoka mbio kumtafutia dawa, sigara mkononi, wala hakuna aliyeunganisha hayo mawili. Mpaka nesi alipouliza: "Nyumbani kuna anayevuta?" Mama akainama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni moja hufa kila mwaka kwa moshi wa sigara za wenzao. Wavutaji sijaja kuwasuta. Nataka kuwasikia wasiovuta.

Kijana wa Urambo
Kwetu Tabora tumbaku ndiyo ada ya shule, kwa hiyo naongea kwa adabu. Jani huchumwa asubuhi, lina umande. Unalikumbatia kwapani, shati linaloa chapa. Ikifika saa nne kichwa kinazunguka, unatapika mpaka nyongo. Watu wanacheka: "Dogo kalewa tumbaku!" Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Ukubwani ndipo nikaelewa kwamba haikuwa utani. Nikotini ya kwenye jani bichi huyeyukia kwenye ule umande na kupenya ngozini, huna haja ya kuvuta. Siku hizi mama hachumi mpaka umande ukauke, na mvua ikiwa imenyesha anavaa koti la plastiki. Joto lake usiseme. Hapo sijagusa usiku wa kuchochea moto kwenye bani, lile banda la kukaushia majani, na kuni zilizomaliza miombo yetu.

Wa Mombasa
Mimi nilikuwa weita, kazi yangu kuwasha makaa ya shisha kabla serikali ya Kenya haijaipiga marufuku, Desemba 2017. Wateja walikuwa wakiniambia, "Hii haina neno, maji yanachuja." Maji yanapoza moshi tu, sumu inapita. Na yale makaa yenyewe yanatoa kaboni monoksidi. Kila nikifunga kazi kichwa kinanigonga, nikidhani ni usingizi.

Mjukuu
Bibi alikuwa akininusisha ugoro nikipata mafua. Nilikuwa darasa la pili. Alikuwa ananipenda sana, ndiyo shida.

Mvutaji mtiifu
Samahani kuingilia, mimi navuta, miaka 19 sasa. Huwa natoka nje, najifuta, ndiyo nambeba mtoto. Bado mnanilaumu?

Mwanzisha mada
Karibu kaka, hulaumiwi. Kutoka nje kunasaidia kweli. Ila masizi ya moshi yanabaki kwenye shati, na mtoto anaweka shavu hapohapo. Badilisha shati kwanza, nawa na mikono.

Mvutaji mtiifu
Shati sikuwahi kulifikiria. Mzee wenu aliacha?

Mwanzisha mada
Hakuacha. Alihamia chini ya mwembe. Kifua cha mdogo wetu kilipungua kubana, hakikuisha. Siku za mvua mzee alikuwa akirudi hadi kibarazani na sigara yake, anagonga taratibu, na mama anamjibu kutoka ndani, mlango una komeo: "Maliza kwanza, baba fulani."