Naombeni ushauri: nampeleka kijana London Bridge, lile daraja la vichwa

Mama Wawili
Wakuu habari zenu. Mwezi ujao napita London kikazi na safari hii naongozana na mwanangu, yuko kidato cha pili. Huyu ukimpa historia anaruka kurasa zote mpaka afike penye vita na kunyongwa. Sasa kasoma kwamba zamani pale London Bridge walikuwa wanachomeka vichwa vya wahaini kwenye mikuki, basi nyumbani hatupumui, "mama lazima tufike". Muda wa kuzurura tutakuwa nao nusu siku tu. Kuna la maana la kuona, au ni kupiga picha na kuondoka? Halafu kwa umri wake haya mambo si mazito? Baba yake anasema namharibu mtoto.

Kobe Mzembe
Mama, kwanza usinaswe pale wanaponaswa wengi. Lile daraja la minara miwili unaloliona kwenye kadi ni Tower Bridge, la mwaka 1894, wakati mambo ya vichwa yameshakoma zamani sana. London Bridge ya leo ni zege tupu, ilifunguliwa 1973. Ukipita bila kuambiwa utadhani uko kwenye flaiova. Dogo atanuna.

Mzururaji
Atanuna msipojipanga. Daraja la vichwa lenyewe lilianza kujengwa 1176, likakamilika 1209, na likahudumu hadi 1831. Matao 19, na juu yake nyumba na maduka, watu wanazaliwa na kufia humo humo. Kichwa maarufu cha mwanzo ni cha William Wallace, yule Mskoti, 1305. Mwaka 1535 wakafuata Thomas More, waziri wa zamani wa mfalme Henry VIII, na askofu John Fisher. Thomas Cromwell, waziri wa mfalme huyo huyo, ambaye ndiye aliyeisimamia kesi yao, naye chake kikapanda 1540. Vilichemshwa kidogo kisha vikapakwa lami ili vidumu. Mgeni mmoja kutoka Ujerumani, Paul Hentzner, alipita 1598 akahesabu zaidi ya 30.

Sasa njia. Anzieni ng'ambo ya kaskazini, kanisa la St Magnus the Martyr. Daraja la kale lilikuwa kama mita 30 mashariki ya hili la sasa, na miaka yake ya mwisho waenda kwa miguu walipita chini ya mnara wa kanisa hilo. Yaani ukisimama pale mlangoni umesimama barabarani. Nje kuna mawe ya daraja lenyewe, yamewekwa tu, mnayagusa. Ndani kuna daraja dogo la mfano, nyumba zote zimepangwa na watu wadogo wadogo wamejaa njiani. Hapo msiharakishe. Mtoto aone jinsi njia ilivyokuwa nyembamba, ataelewa kwa nini hakuna aliyeingia mjini kutoka kusini bila kuviona vile vichwa.

Kisha vukeni kwenda Southwark, ng'ambo ya kusini. Vichwa vilikuwa lango la katikati, 1577 vikahamishiwa lango la upande huo.

Fundi Chuma
Mnahangaika bure, daraja lenyewe Wamarekani walishanunua likapelekwa Arizona 🤣

Mzururaji
Hilo ni lililofuata, mkuu, la 1831. Ndilo ambalo Jiji la London lililiuza 1968 kwa Robert McCulloch, tajiri wa Kimarekani, dola 2,460,000, sasa liko Lake Havasu City. Halikuwahi kubeba kichwa cha mtu.

Nilisahau: mkimaliza kuvuka, ingieni viwanja vya hospitali ya Guy's. Kuna kibanda cha jiwe chenye paa la nusu kuba, kilitoka kwenye daraja la kale. Vibanda hivyo viliwekwa baada ya nyumba za darajani kubomolewa, watu wajibanze humo magari ya farasi yakipita. Ndani imeketi sanamu ya shaba ya mshairi John Keats, maana alisomea udaktari pale. Nafasi ya kukaa pembeni yake ipo.

Shangazi Mkali
Suala la umri: damu ameshaisoma, huwezi kumrudisha nyuma. Mpe watu sasa. Msimulie Margaret Roper, binti wa Thomas More, alivyohangaika mpaka akapewa kichwa cha baba yake badala ya kutupwa mtoni. Kimezikwa Canterbury, kanisa la St Dunstan. Kwangu mimi hiyo inamfaa kijana kuliko hesabu ya mikuki.

Na jambo moja hamjaligusa. Tarehe 3 Juni 2017 watu 8 waliuawa katika shambulio lililoanzia juu ya daraja hilo hilo la zege. Wenyeji hawaichukulii kama hadithi. Yale mazoea ya kijana kujishika shingo na kutoa ulimi mbele ya kamera, mkanye kabla hamjafika. Nje ya kanisa kuu la Southwark kuna mzeituni wa kumbukumbu yao, ni hatua chache tu.

Mama Wawili
Shangazi, la 2017 nilikuwa nimeshalisahau kabisa, na hilo la kujishika shingo umemjua vizuri. Vipi yale maonyesho ya kutisha ya kulipia chini ya daraja?

Kobe Mzembe
Giza, kelele, na mtu aliyejipaka rangi nyekundu anakurukia. Kwa nusu siku, ruka.

Mama Wawili
Asanteni. St Magnus, daraja, mzeituni, Guy's. Nimemsomea baba yake uzi huu, eti na yeye anatafuta tiketi.

Mzururaji
😂 Karibuni. Angalieni saa za kanisa kwanza, halifunguliwi kila siku.