Je, wanafunzi wa Kisumu na Nakuru wafundishwe kwamba miji yao iliwahi kuwa Uganda?

Naleta kwenu jambo ambalo wakazi wengi wa Kisumu hawalijui, na ambalo baadhi ya wanaolijua wangependelea lisitajwe madarasani. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi iliyoanzia Naivasha hadi Ziwa Viktoria, ikiwemo Nakuru na Mumias, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, kituo chake cha mwisho, Kisumu ya leo iliyoitwa wakati huo Port Florence, kilikuwa katika ardhi ya Uganda. Miezi michache baadaye Waingereza waliuhamishia mkoa huo upande wa Kenya ya sasa, hasa ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja, na wenyeji hawakuulizwa lolote. Ndiyo sababu reli iliyobeba jina la Uganda ilijikuta yote nje ya Uganda, na treni kutoka pwani haikufika Kampala hadi mwaka 1931.

Wanaopinga jambo hili kufundishwa wana hoja nzito. Mwezi Februari 1976, Idi Amin aliitumia historia hii hii kudai kwamba eneo kubwa la magharibi mwa Kenya, karibu kufika Nairobi, lilikuwa mali ya Uganda. Wakenya walighadhibika, na Amin akalazimika kulegeza msimamo. Kwa kuwa hata kisiwa kidogo cha Migingo kimetusumbua na jirani huyo huyo, wanauliza, kuna haja gani ya kufukua mengine?

Mimi nasema ifundishwe, tena kikamilifu. Mwaka 1964, viongozi wa Afrika waliokutana Cairo walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwepo nchi zao zilipopata uhuru, kwa hiyo ramani ya 1901 haimpi yeyote haki ya kudai Kisumu. Kijana aliyefundishwa yote mawili ana jibu. Aliyefichwa atayasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mdai.

Linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni ardhi. Uhamisho ule uliiweka Nakuru na Uasin Gishu mikononi mwa Charles Eliot, kamishna aliyekuwa akiwaalika walowezi wa Kizungu kwa bidii, na mwaka 1903 Uingereza ikawa tayari kuwapa Wayahudi makazi huko Uasin Gishu, mpango ambao hadi leo unaitwa wa Uganda. Tunawezaje kuwaeleza watoto wa Bonde la Ufa chanzo cha migogoro ya mashamba huku tukiruka ukurasa huu?

Anayeamini kwamba madhara ya kuufundisha yanazidi faida, naomba atueleze ni umri gani mwanafunzi angefaa kuujua, na nani amfundishe.