Linia aljebra imenipiga sap, "onesha kwamba" ndo inaniua. Msaada wakuu

MtotoWaLigula
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwaka wa kwanza, nasoma ualimu wa hesabu na fizikia, chuo naomba nisikitaje. Sa hivi niko likizo nyumbani hapa Mtwara, matokeo yametoka linia aljebra nimekula sap narudia mwezi wa tisa, na mzee ndo kwanza kauza ufuta wake kila jioni ananiuliza chuo vipi, namjibu kinaenda. Kinachoniuma hesabu zenyewe naziweza, nipe matriksi ya tatu kwa tatu nakutafutia determinanti, invesi, aigenivalyu, kupunguza mistari ndo usiseme. Ila swali likianza na "onesha kwamba" naishia kuandika namba ya swali. Spani, besisi, subspesi, vekta kujitegemea, hivi vitu lekchara aliviandika ubaoni sisi tukanakili basi. Nimejaza kaunta buku la kwaya tatu kwa kurudia notsi na bado naona maneno tu. Mlitokaje hapo?

Kangomba_wa_Pepa
Dogo achana na kuelewa, utaelewa ukishaajiriwa. Tafuta pasti pepa za miaka mitano, meza majibu, maswali ya "onesha kwamba" huwa yanajirudia wanabadilisha namba tu. Mi nilipita hivyo hivyo.

Mwl_Masasi
Hiyo ya kumeza ni ya hatari, wakigeuza swali kidogo tu umekwisha. Mdogo wangu sikiliza, tatizo lako unasoma hayo maneno bila kuwa na kitu mkononi. Chukulia mama anauza vifurushi pale sokoni. Kifurushi A kina kilo 2 za korosho na kilo 1 ya ufuta, tuandike (2,1), hiyo ndo vekta. Kifurushi B ni (1,3). Hauzi rejareja, ni vifurushi tu. Akija mteja anataka kilo 5 za korosho na kilo 5 za ufuta, anampa A mbili na B moja, piga hesabu uone, inatimia. Sasa oda zote anazoweza kuzitimiza kwa A na B ndo spani ya A na B, hakuna uchawi mwingine. Siku nyingine anajisifu kaleta kifurushi kipya C chenye (3,4). Mpya wapi, si A moja na B moja kafunga kwenye mfuko mmoja? Hapo ndo unasema A, B na C hazijitegemei, kuna mmoja anabebwa na wenzake. Ukitoa wa kubebwa, waliobaki wakitosha kutimiza oda zote na hakuna anayembeba mwenzake, hiyo ndo besisi.

MtotoWaLigula
Shikamoo mwalimu. Aisee hii mbona hawakutuambia. Ila swali, mteja akitaka korosho tupu kilo 5 bila ufuta je? Nimejaribu imenijia A tatu na B hasi moja, kifurushi hasi ni kitu gani?

Mwl_Masasi
Marahaba. Umepata sawa kabisa, hasi ni kurudisha. Anachukua A tatu, anapata korosho 6 na ufuta 3, halafu anamrudishia mama B moja kamili, korosho 1 na ufuta 3. Anabaki na 5 na sifuri. Kwenye vekta kurudisha na nusu nusu vinaruhusiwa, ndo maana A na B zinafika kila mahali kwenye R2, yaani vekta zote za namba mbili. Sasa weka A na D ya (4,2) uone kama hiyo oda ya (5,0) utaitimiza. Hutaitimiza mpaka korosho za msimu ujao, D ni A mbili tu, umebaki kwenye mstari mmoja.

BintiMikindani
Mwalimu kamaliza spani, mimi niongezee subspesi, yaani kundi la vekta ambalo ukijumlisha au kuzidisha hutoki nje yake, maana nayo ilinitesa mno. Kaka, kabla hujaandika prufu yoyote uliza kwanza sifuri imo? Halafu ukichukua wawili wa humo ndani ukawajumlisha, jibu linabaki ndani? Ukimzidisha mmoja kwa namba yoyote, anabaki ndani? Basi. Na usitumie mfano wa namba kuonesha kwamba NI subspesi, hapo andika kwa herufi, mfano wa namba ni wa kuonesha kwamba SIYO. Mimi hapo nilipoteza maksi nyingi nikidhani mifano mitatu inatosha. Jaribu hizi mbili uweke hapa: vekta za R2 ambazo x + y = 1, na vekta za R3 ambazo x + y + z = 0.

MtotoWaLigula
Ya kwanza nimesema ni subspesi dada, kwa sababu ni mstari ulionyooka.

BintiMikindani
Sifuri imo? 0 + 0 ni 1?? Chukua (1,0) na (0,1), wote wamo, wajumlishe upate (1,1), hiyo inatoa 2, imetoka nje. Mstari lazima upite kwenye orijini, pale (0,0). Unakumbuka fomu foo kwenye matriksi na transfomesheni, rifleksheni na roteshini kuzunguka orijini tulikuwa na matriksi zake lakini translesheni unajumlisha vekta pembeni? Sababu ni hii hii, translesheni inaihamisha orijini kwa hiyo siyo linia. Tulifanya hizi mambo na sketi za shule bila kujua.

Mwl_Masasi
Dada kanikumbusha. Dogo ukipata bando la usiku angalia lekcha za Gilbert Strang wa MIT, ziko bure, kozi namba 18.06. Anaongea taratibu. Ila usiangalie kama muvi, simamisha ufanye mwenyewe.

MtotoWaLigula
Nimerudia ya pili. Sifuri imo. Nikichukua u na v zenye jumla sifuri kila moja, jumla ya u + v ni sifuri kujumlisha sifuri, imebaki ndani. Nikizidisha kwa k ni k mara sifuri, ndani. Halafu nikaona x = −y − z, kwa hiyo kila vekta ni y mara (−1,1,0) kujumlisha z mara (−1,0,1), na hakuna anayembeba mwenzake, kwa hiyo besisi ina wawili, yaani daimensheni ni 2. Nimekosea wapi?

BintiMikindani
Hujakosea popote.

Kangomba_wa_Pepa
Kumbe ndo ilikuwa hivyo? Mi nilipata C na nilijua daimensheni ni tatu kwa vile herufi ziko tatu. Mwalimu hebu nielekeze na ranki, hapo nilimeza tu.