Mlinzi wa ile nyumba ya kale mjini anamwambia mama yangu CHOO HAKUNA???

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, nipo kwenye daladala natype mikono inatetemeka. Yule jamaa wa geti la ile nyumba ya kale mjini, mnamjua wote, yule wa kiti cha plastiki na redio, leo kanivunjia heshima mimi na mama yangu mzazi.

Mama ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia huko Morogoro maisha yake yote, kawasimulia watoto wa watu habari za Sultani Majid na Wajerumani mpaka sauti imekauka, ila hajawahi kukanyaga hata nyumba moja ya hao watu. Kaja Dar kumwona mjukuu nikasema Jumamosi namtembeza. Kavaa kitenge cha harusi ya dada, kashika daftari, DAFTARI jamani, eti asije akasahau kitu. Tunafika getini nasema habari za kazi kaka. Kimya. Anamwangalia mama juu mpaka chini, anasema "Choo hakuna hapa mama, nendeni kule Feri."

Choo! Mtu kavaa kitenge cha harusi kashika na daftari we unaona choo??

Nikamwambia tumekuja kutembelea, kiingilio bei gani, eti mwenye tiketi katoka. Tukasimama juani mpaka kivuli chetu chenyewe kikaondoka. Mara Wazungu wawili hao, kaptula na kandambili, jamaa karuka mpaka redio ikadondoka, welcome welcome, na mwenye tiketi akatokea sijui alikuwa kafukiwa wapi. Sasa sikilizeni. Yule Mzungu wa kike swali lake la kwanza akauliza choo kiko wapi. AKAONYESHWA. Kipo! Kipo pale nyuma, mlango wa bluu, nimeuona kwa macho yangu!

Na mama kamwambia yule mtu "asante mwanangu, tutakuja siku nyingine." Asante! Hiyo asante ndo inaniua mpaka sasa.

Kitunguu Swaumu: Natafuta siti, uzi huu utakuwa mrefu.

MzeeWaGongo: Huyo jamaa namjua, mi aliniuliza nimeleta maji ya jumla au ya rejareja. Nilikuwa na mchumba wangu.

Binti Kigamboni: Mleta uzi na wewe kwa nini usiingie tu? Umeacha mama anatukanwa umekuja kulia huku mtandaoni.

Mleta uzi: @Binti Kigamboni ningeingia vipi na mama kashageuka anaondoka? Kwanza ishu siyo kuingia, ishu ni CHOO. Mbele ya mama.

Dokta Feki: Ndo bei hiyo mkuu. Mtanzania kiingilio chake kidogo, mgeni analipa mara kadhaa, na tip juu. Jamaa anapiga hesabu tu.

Mleta uzi: Hesabu gani ya kumwambia mama wa watu choo

Shangazi wa Posta: Pole mwanangu, mpe mama pole zetu. Mpeleke Boma la Kale pale Sokoine Drive, lilijengwa miaka ya 1860 enzi za huyohuyo Majid wake, kuta za matumbawe nene kweli. Mi walinipokea vizuri sana. Halafu Makumbusho ya Taifa, lile fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, mwalimu wa historia lazima alione. Na nyumba ya Mwalimu Nyerere Magomeni msiiache.

Kitunguu Swaumu: Angesema yeye mkaguzi, hilo daftari lingefungua mpaka stoo.

Baharia mstaafu: Nyie mnalia geti, mi kuna bustani moja nilizuiwa kupiga picha ya mti. MTI. Eti kibali. Mti umeota wenyewe!

Dokta Feki: Bustani gani, ile ya Wajerumani ya 1893?

Baharia mstaafu: Siyo hiyo, hiyo haina neno. Hiyo ndo ina minazi ya Shelisheli, ile ya nazi kubwaaa mnazijua umbo lake.

MzeeWaGongo: Umbo gani mkuu fafanua 😂😂

Binti Kigamboni: Mods fungeni uzi kabla hawa wazee hawajaanza.

Baharia mstaafu: Wajerumani walikuwa wanajaribu mazao ya biashara pale, acheni uhuni. Shida ya mjini siyo mlinzi wala mti, shida ni wale watu wa parking. Nimeenda dakika tano kununua vocha narudi nina deni.

Shangazi wa Posta: Heri wewe deni, mimi gari niliikuta na mnyororo.

Mleta uzi: Jamani tulikuwa tunaongelea mama yangu

Dokta Feki: @Shangazi wa Posta mnyororo ule wa njano? Ulitoa shilingi ngapi?