Mechi ya mabingwa Lamu: kipindi cha pili dakika 20, penalti gizani, sababu mgeni rasmi alichelewa!

Assalam alaikum ndugu zangu. Nimejizuia siku nne nisiandike, nikitumai waandalizi watatuita tukae tuzungumze. Hawakuita. Basi naliweka hapa mbele ya watu.

Mimi ni katibu wa timu moja ya Faza, kisiwani Pate. Msimu huu sisi tulibeba kombe, wenzetu wa Lamu mjini wakabeba ligi. Jumapili ilikuwa siku ya kukutanisha mabingwa hawa wawili, mechi moja tu, hakuna marudiano. Barua ya mwaliko ninayo na ina muhuri: mchezo utaanza SAA NANE KAMILI MCHANA.

Saa nane hiyo tuliiomba sisi kwenye kikao, na wakaikubali wote, kwa sababu ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na maji yalikuwa yajae saa kumi hivi. Mchezo ukiisha kabla ya saa kumi, tunaswali Alasiri, tunapanda boti, tunapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa bado tele. Yakipwa, boti yenye watu ishirini na mbili inakwama mle kwenye mikoko, na njia inayobaki ni kuzunguka Manda kwa upande wa bahari kuu, usiku, na upepo huu wa kusi. Mtu yeyote aliyezaliwa visiwa hivi anajua hayo. Waandalizi wanajua pia, wengine wao ni watu wa Pate.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Saa saba na nusu vijana wameshavaa jezi, wanapasha misuli. Saa nane, hakuna refa uwanjani. Nauliza, naambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Saa tisa, yuko njiani. Vijana wamebanana kwenye kivuli cha ukuta, wanagawana maji ya dumu moja, beki wetu wa kushoto anatapika kwa jua. Mgeni rasmi akaingia saa kumi na dakika ishirini. Hapo ndipo hotuba zikaanza. Hotuba tatu! Kisha picha na timu hii, picha na timu ile, picha na kikombe. Filimbi ya kwanza ililia saa kumi na moja kasoro dakika kumi, maji yameshaanza kurudi.

Kipindi cha kwanza kilichezwa dakika 45 kamili. Tulifungwa bao moja, bao safi, sina neno nalo. Wakati wa mapumziko kamisaa akatujia na kutuambia kwamba kwa sababu ya giza, kipindi cha pili kitakuwa dakika 20, kisha tukiwa sare ni penalti moja kwa moja. Hakutuuliza, alitutangazia. Nilimwambia pale pale, mbele ya refa na nahodha wa timu ya pili, kwamba sisi hatukubali. Akanijibu, "Ustadhi, usituharibie shughuli, mgeni anataka kukabidhi kikombe."

Kanuni ya 7 ya soka haina utata. Muda wa kipindi unaweza kupunguzwa pale tu refa na timu zote mbili wamekubaliana KABLA mchezo haujaanza, na kanuni za mashindano yenyewe ziwe zinaruhusu. Huwezi kumwambia mtu mapumzikoni kwamba zile dakika 45 alizozipangia pumzi sasa ni 20. Mwalimu wetu alikuwa amewaweka washambuliaji wawili benchi makusudi, awaingize dakika ya 65 wapinzani wakichoka. Dakika ya 65 ndiyo mchezo ulikwisha!

Tulisawazisha dakika ya 58. Baada ya hapo mpira ulikuwa wetu, muulizeni yeyote aliyekuwepo. Kona tatu mfululizo. Ya tatu ikapigwa, kipa wao akaupangua, mpira uko hewani bado, na refa akapuliza.

Mmoja wa waandalizi ananiambia sasa eti hata Ngao ya Jamii ya Uingereza haina muda wa nyongeza, sare inaenda penalti. Kweli, lakini BAADA YA DAKIKA 90! Mwaka 2025 Crystal Palace, bingwa wa kombe kwa mara ya kwanza katika historia yake, alikutana na Liverpool, bingwa wa ligi, pale Wembley. Palace alikuwa nyuma 2-1. Ismaïla Sarr akasawazisha dakika ya 77, ndipo wakaenda penalti na Palace akashinda 3-2. Kipindi cha pili kingekatwa kiwe dakika 20 kama chetu, Palace angerudi nyumbani mikono mitupu na bao la Sarr lisingekuwepo. Mwaka 2023 Arsenal alimsawazishia Manchester City dakika ya 11 ya muda wa majeruhi, baada ya zile 90, na ngao akaichukua yeye. Kwa hiyo mkitaka kutupa mfano wa Wembley, tupeni mfano mzima.

Penalti zilipigwa Maghrib imeingia. Mpira wenyewe umechakaa, rangi yake na ya mchanga ni moja. Kipa wetu, kijana wa miaka kumi na tisa, alimfuata refa akamwambia haoni mguu wa mpigaji. Refa akaomba watu wawashe tochi za simu. Wakasimama nyuma ya mpigaji, taa zote zikamuangalia kipa machoni! Nilikuwa nyuma ya wavu wake. Penalti ya nne hakuruka hata kidogo, alisikia tu wavu ukitikisika mgongoni. Tukafungwa 4-3. Alivua glavu akakaa chini kwenye mlingoti, na wenzake walipomwinua alikuwa analia kwa sauti.

Wapinzani wetu siwalaumu. Nahodha wao alinishika mkono akaniambia, "Bro, hivi sivyo tulivyotaka kushinda." Nalitaja hili kwa sababu yule kijana anastahili heshima yake.

Tulipofika gatini, mwenye boti aliyatazama maji akatuambia, "Wanangu, Mkanda umekauka na nje siendi usiku na watoto wa watu." Tukalala Lamu. Kumi walilala nyumbani kwa shangazi yangu, waliobaki kwenye baraza za jamaa. Watatu ni wanafunzi na Jumatatu walikosa mtihani. Mmoja ni kibarua, alikosa siku yake. Petroli ilikuwa shilingi elfu nane, ambazo tuliahidiwa tutarudishiwa "baada ya mechi". Baada ya mechi kila simu niliyopiga haikupokelewa.

Tunataka mambo mawili. Mechi irudiwe, na saa ya kuanza ipangwe kwa kuangalia maji, mgeni rasmi awepo asiwepo. Na hela ya petroli irudi, kwa sababu ilichangwa na wazazi wa hawa vijana, wengine wao wavuvi waliotoa mauzo ya siku nzima. Mkiona mechi haiwezi kurudiwa, basi tuandikieni hivyo kwa barua yenye muhuri uleule, mtaje na sababu.

Barua yetu ya malalamiko niliikabidhi mkononi Jumanne asubuhi na aliyeipokea alitia sahihi. Leo Alhamisi usiku bado sijajibiwa. Aliyekuwepo uwanjani na ana video ya zile penalti naomba aiweke hapa chini.